Maji kwenye vioo vya madirisha: Yanakotoka na jinsi ya kuyadhibiti

MSIMU wa baridi unapowadia kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Nairobi na wa nyanda za juu kama vile Limuru, Kinangop, Nyahururu na Molo huamka na kukuta vioo vya madirisha vimefunikwa na ukungu. Matone hutiririka hadi kwenye fremu, rangi ya ukuta huanza kubambuka, na baada ya majuma machache madoa meusi hujitokeza kwenye pembe za dari na nyuma ya kabati.

Wengi hudhani kwamba maji hayo yamepenya kutoka nje kwa sababu ya manyunyu. Hivyo basi, huzidi kufunga madirisha na kuziba kila upenyo kwa magazeti na matambara. Hatua hiyo huzidisha tatizo, kwani aghalabu maji hayo hutoka ndani ya nyumba yenyewe. Isitoshe, nyumba iliyozibwa hivyo huweza kuwa kaburi iwapo jiko la makaa litaachwa likiwaka ndani.

Chanzo cha maji

Hewa daima hubeba maji katika hali ya mvuke usioonekana kwa macho. Kadiri joto linavyopanda, ndivyo mvuke mwingi unavyoweza kukaa hewani. Katika joto la nyuzi 20 za Selisiasi, kila mita ya ujazo ya hewa huweza kubeba takriban gramu 17 za maji. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 10, kiwango hicho hushuka hadi gramu 9 hivi. Maji yanayozidi hayana budi kutafuta pa kutua, nayo hutua kwenye kitu chenye baridi kuliko vingine. Nyakati za usiku kitu hicho huwa ni kioo cha dirisha, fremu ya chuma, au mabati ya paa lisilo na dari.

Ni jambo lile lile linalotokea chupa ya soda inapotolewa kwenye jokofu na kuanza kutoa jasho. Hakuna anayedhani kwamba soda imevuja kupitia chupa.

Mtu mzima aliyelala hutoa takriban gramu 40 za maji kila saa kupitia pumzi na ngozi. Watu wanne wakilala katika chumba kimoja kwa saa nane, hutoa zaidi ya lita moja. Ongeza hapo sufuria ya githeri iliyotokota jioni nzima bila kifuniko, maji moto ya kuoga, na nguo zilizoanikwa sebuleni kwa kuwa jua halikuonekana.

Hata moto wenyewe huzaa maji. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Gesi ya kupikia hutoa zaidi: mtungi wa kilo 6 unapokwisha, huwa umemwaga hewani zaidi ya lita 9.

Katika miji ya Pwani hali huwa kinyume. Chumba kinachopozwa kwa mtambo wa hewa baridi huweza kupata ukungu upande wa nje wa kioo, kwa kuwa hewa yenye joto na unyevu iko nje. Ukungu huo si wa kutia wasiwasi.

Je, ukuta umevuja?

Si kila unyevu nyumbani hutokana na mvuke. Bomba lililopasuka ndani ya ukuta, paa linalovuja au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi huacha alama zinazofanana na hizo. Suala hili huzua mivutano ya mara kwa mara kati ya wapangaji na wenye nyumba, kila upande ukiulaumu mwingine.

Kuna jaribio rahisi. Kausha sehemu ya ukuta, kisha ubandike kipande cha foili ya jikoni na kuziba kingo zake zote kwa utepe wa gundi. Kiache kwa siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa foili unaotazama chumba, maji yanatoka hewani, na dawa yake ni kupitisha hewa. Ukikuta unyevu nyuma ya foili, maji yanatoka ukutani, na hapo fundi anahitajika. Mpangaji akiwa na ushahidi huo, mazungumzo na mwenye nyumba huwa mepesi.

Athari kwa afya

Lugha yetu huita kwa jina moja, ukungu, umande unaotanda kwenye kioo na kuvu inayoota kwenye kitu kibichi. Cha kwanza kikiachwa kwa muda, huzaa cha pili. Mnamo mwaka wa 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo uliohusisha unyevu na kuvu majumbani na pumu pamoja na matatizo mengine ya njia ya pumzi. Watoto, wazee na wenye pumu ndio huathirika zaidi. Fremu za mbao nazo huoza, za chuma huota kutu, na nguo kabatini hupata harufu ya uvundo.

Hatua za kuchukua

Kwanza, fungua madirisha mawili yanayoelekeana kwa dakika kumi hivi kila asubuhi na kila jioni, hata kukiwa na manyunyu. Huenda ushauri huu ukashangaza, lakini hewa baridi ya nje hubeba maji kidogo. Hewa ya nyuzi 12, hata ikiwa imejaa unyevu, ina gramu 11 hivi tu kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 20, huwa kavu kiasi cha kufyonza unyevu zaidi.

Pili, usizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini tundu la hewa si ufa. Liliwekwa na mjenzi kwa makusudi, na anayeliziba ndiye atakayelazimika kukwangua na kupaka ukuta rangi upya.

Tatu, funika sufuria unapopika, fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango unaoelekea vyumba vingine. Fanya vivyo hivyo bafuni.

Nne, anika nguo nje au kwenye baraza. Ikilazimu kuanika ndani, chagua chumba kimoja, ufunge mlango wake na kuacha dirisha wazi.

Tano, sogeza vitanda na makabati mbali kidogo na kuta za nje ili hewa ipite nyuma yake.

Sita, panguza vioo kila asubuhi na ukamue kitambaa nje. Kikiachwa kikauke chumbani, maji yale yale yatarudi hewani.

Madoa machache ya kuvu husafishwa kwa sabuni na maji, mtu akiwa amevaa glavu na kufunika pua na mdomo, kisha mahali hapo pakaushwe kabisa. Ukitumia dawa yenye klorini, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, kwani mchanganyiko huo huweza kutoa gesi ya sumu. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuficha ugonjwa, kwa kuwa itachomoza tena.

Tahadhari kuhusu jiko

Baadhi ya watu huingiza jiko la makaa chumbani ili kupasha nyumba joto na kukausha vioo. Makaa yanapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hujishikiza kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala huenda asiamke. Vifo vya aina hii huripotiwa nchini misimu ya baridi.

Jiko liwashwe nje, na lisilazwe chumbani hata likionekana limefifia, kwa maana makaa yaliyofunikwa na majivu bado hutoa gesi hiyo. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango na madirisha, mtoe nje upesi na umkimbize hospitalini.

Kwa wanaohisi baridi usiku, blanketi la ziada, soksi na chupa ya maji moto iliyofungwa barabara vitasaidia bila kuongeza mvuke wala sumu. Kioo kikiendelea kuwa na ukungu kidogo alfajiri, hilo ni jambo la kawaida katika nyanda za juu. La muhimu ni kiwe kimekauka kabla ya adhuhuri.