Saa za Mtoto

Mwaka 1886 kilichapishwa mjini Berlin kitabu cha kumbukumbu za Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo aliishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni utoto wake: jumba la Mtoni alikozaliwa mwaka 1844, kundi kubwa la ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, farasi, bustani, na maandishi aliyojifunza kwa siri kwa kuwa mabinti wa enzi yake hawakufundishwa kuandika. Aliyatazama hayo yote kutoka nchi ya baridi, akiwa mjane mwenye watoto, na utamu wa kumbukumbu zake hauna unafiki. Mwaka uliofuata kikatoka London kitabu kingine cha utoto, Kiungani, kilichotafsiriwa na kuhaririwa na A. C. Madan wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Humo wavulana wa shule ya misheni hiyo, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, waliandika habari za makwao bara, jinsi walivyotekwa au kuuzwa, na jinsi walivyopita mkono hadi mkono mpaka wakafika pwani. Kisiwa ni kilekile na vitabu vimepishana mwaka mmoja tu, lakini hakuna ukurasa wa kimoja ambao mtoto wa kitabu cha pili angeutambua kuwa ni maisha yake.

Nimeviweka pamoja kwa sababu tunapozungumzia utoto wa zamani huwa tunasoma kitabu cha Salme na kukiacha cha Kiungani rafuni. Tunataja kombolela, rede, mdako, tiara na chandimu ya mpira wa makaratasi, kisha tunahitimisha kwamba watoto wa sasa wamenyang'anywa utoto na simu. Kumbukumbu hizo ni za kweli, na sina nia ya kuzibeza. Ninachopinga ni hesabu inayofanywa kutokana nazo. Tukifuata ushahidi wa miaka 150 iliyopita, hasa Zanzibar na Tanganyika, tunaona kwamba jambo lililobadilika zaidi ni umiliki wa saa za mtoto: nani anaamua afanye nini tangu anapoamka mpaka anapolala. Mmiliki huyo amebadilika zaidi ya mara moja, na simu imefika mwishoni kabisa mwa safari hiyo.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 saa za mtoto zilikuwa mali ya kaya, na kwa mtoto mtumwa zilikuwa mali ya bwana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anaanza tawasifu yake kwa kueleza kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kwenda safari fupi za biashara, akichukua sandarusi na bidhaa nyingine. Haelezi jambo hilo kama ajabu, kwa kuwa halikuwa ajabu. Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten lakini kwa sehemu kubwa kikiwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kinaeleza malezi ya pwani kwa utulivu huohuo: kuzaliwa, michezo, chuo cha Kurani, jando kwa wavulana, na mwari anayefundwa na somo wake. Bara, mtoto aliamia ndege shambani, alichunga mbuzi, aliteka maji, alimbeba mdogo wake mgongoni. Mchezo haukuwa na saa zake za pekee. Uliishi ndani ya kazi, machungani na kisimani, mahali ambapo wakubwa hawakuwapo, na ndiyo maana watoto waliweza kujitungia sheria zao, kuchagua viongozi wao na kuamua ugomvi wao wenyewe. Uhuru tunaoukumbuka ulitokana na jambo hilo: mtoto alikuwa mfanyakazi asiye na msimamizi. Kuvuka kutoka utotoni nako kulikuwa na siku yake, tena hakukuwa safari ya mtu mmoja. Waliotiwa jandoni pamoja walibaki wakijuana kwa jando hilo mpaka uzeeni.

Shule ndiyo iliyotenganisha kazi na mchezo. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890 kwa sababu walihitaji makarani na wakalimani, na chini ya Waingereza shule zilibaki chache, nyingi zikiwa za misheni. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa mchungaji wa mifugo kama watoto wenzake mpaka alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alikuwa na umri wa miaka 12, umri uleule ambao Tippu Tip alishika njia ya biashara. Inafaa kukumbuka hapo kwamba huyo alikuwa mtoto wa chifu. Wengi wa rika lake hawakulikanyaga darasa hata siku moja. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilijaribu kuziba ufa kati ya darasa na kazi kwa kulirudisha jembe mikononi mwa mwanafunzi. Shamba la shule, zamu za kufagia na kuteka maji vikawa sehemu ya masomo, na watu wazima wa leo wanavikumbuka, wengine kwa fahari na wengine kwa uchungu. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, saa za asubuhi za watoto karibu wote zilihamia kwa serikali. Ada zilirudi katika miaka ya shida iliyofuata, zikaondolewa tena shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 zikafutwa hadi kidato cha nne. Mtoto wa miaka 12 au 13 wa leo anajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Mtihani huo umechukua nafasi ya jando kwa uzito wake, lakini kila mtoto anauvuka peke yake.

Mji ukaja kuzidaka saa za jioni. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000 katika sensa ya mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 5.38. Viwanja vya wazi vilivyokuwa uwanja wa chandimu vimejengwa nyumba na maduka, barabara zimejaa magari, na wazazi wenye uwezo wamezungusha kuta. Tangu miaka ya 1990 shule binafsi zimeongezeka, na pamoja nazo basi la shule linalompitia mtoto saa 11 alfajiri, tuisheni baada ya vipindi, na kazi za nyumbani zinazoishia kitandani. Ushindani wa kupeleka watoto bweni ulifika mahali ambapo mwaka 2023 serikali ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Waraka huo ni ushahidi mzito kuliko malalamiko yote kuhusu simu, kwa sababu unaonyesha ni nani aliyekuwa akizitoa saa hizo: sisi wazazi, kwa hiari, tena kwa kulipia. Simu ilimkuta mtoto akiwa amefungiwa ndani, hana uwanja wala wenzake.

Litaletwa pingamizi kwamba nimeiacha nguzo kuu ya zamani, yaani malezi ya jamii nzima, pale jirani yeyote alipoweza kumkanya mtoto na kumlisha. Nguzo hiyo ilikuwapo, na kutoweka kwake mijini ni hasara kubwa. Lakini mamlaka hayohayo ya kila mtu mzima juu ya kila mtoto yalibeba pia fimbo isiyoulizwa, na mtoto aliyedhulumiwa na ndugu au jirani hakuwa na pa kusemea. Tuwatazame pia wasichana. Anayesimulia jinsi alivyocheza kombolela mpaka giza likaingia mara nyingi ni mwanamume, na mara nyingi dada yake alikwisha kuitwa jikoni kabla jua halijazama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama ya Rufani iliafiki mwaka 2019 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi. Na katika nyumba nyingi za mjini, mtoto wa tajiri alipata nafasi ya kucheza kwa sababu binti wa kazi, wa rika lake au amemzidi kidogo tu, ndiye aliyekuwa akiosha vyombo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, na bado wapo mabinti wadogo kuliko hapo walioko majikoni.

Halafu wako wasiosimulia lolote. Wakati wa kuelekea Uhuru, takriban mtoto mmoja kati ya kila wanne hakufikisha miaka mitano. Mwaka 1999 walikuwa 147 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta 43. Nitajibiwa kwamba uhai haupimi furaha, na ni kweli. Hata hivyo, anayesema utoto wa kijijini kwao ulikuwa wa afya anasema hivyo akiwa mmoja wa waliobaki, na chanjo ya surua imefanya zaidi kuuongeza utoto nchini kuliko mchezo wowote tunaoulilia.

Hii haina maana kwamba hamu ya zamani haina cha kutufundisha. Imeshika jambo moja sawasawa: watoto wanahitaji muda wa kuwa na watoto wenzao pasipo mtu mzima kuupanga, na muda huo umepungua sana mjini. Salme mwenyewe, katika kitabu kilekile, alilalamika kwamba watoto wa Ulaya wanabebeshwa masomo kupita kiasi, na hapo alikuwa na haki, ingawa hakuona sawasawa mateso ya watumwa waliokuwa chini ya paa moja naye. Muda huo unaweza kudaiwa bila kuzirudisha zama zozote: kwa kulinda maeneo ya wazi yaliyomo kwenye ramani za mipango miji, kwa kuzuia tuisheni za watoto wadogo, kwa kuisogeza mbele saa ya kuanza shule. Na wanaokusanya kumbukumbu za wazee kwa ajili ya makumbusho na nyaraka zetu wafanye kazi hiyo sasa, wakati waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940 bado wapo. Wawaulize majina ya michezo na kanuni zake. Wawaulize pia waliamshwa saa ngapi na nani, walifanya kazi gani kabla ya kucheza, dada zao walikuwa wapi wakati huo, na ni ndugu zao wangapi waliozaliwa ambao hawakukua.