Watoto Wazaliwao Kabla ya Siku: Habari za Turkana

Msomaji kijana, ifungue ramani ya Kenya uutazame upande wa kaskazini-magharibi, nchi ya Waturkana. Utauona mji wa Lodwar karibu na mto Turkwel, na kiasi cha kilomita 120 mbele yake utauona Kakuma. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilimhamishia Jomo Kenyatta Lodwar, akazuiliwa huko mpaka mwaka 1961, mbali na watu wake. Umbali huo uliotumiwa kumtenga mtu mmoja umekuwa pia hatari kwa akina mama wengi.

Mimba hutimia baada ya majuma 40 hivi. Mtoto azaliwaye kabla ya juma la 37 huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya siku zake. Mapafu yake ni machanga, mwili wake haushiki joto, na mara nyingi hana nguvu za kunyonya. Sababu haijulikani kila mara. Lakini malaria, maradhi ya njia ya mkojo na shinikizo la damu ni mambo ambayo mwuguzi aweza kuyagundua mapema, iwapo mama amemfikia.

Usidhani kwenda kliniki mapema ni jambo dogo. Mwaka 1972 matabibu wawili wa New Zealand, Graham Liggins na Ross Howie, walionyesha kwamba dawa ya steroidi, akidungwa mama aliye karibu kuzaa kabla ya wakati, huyakomaza mapafu ya mtoto. Lakini dawa hiyo ina majuma yake maalumu. Mama ahamaye na mifugo, ambaye mimba yake haikuhesabiwa tangu mwanzo, afikapo hospitali usiku akiwa na uchungu, tabibu atalijuaje juma lake? Dawa ipo, hesabu haipo.

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kwa wakimbizi wa Sudan. Baadaye wakaja wengine kutoka Somalia, Kongo na kwingineko, hata idadi yao ikapita laki mbili. Mwenyeji na mgeni wakawa na haja moja. Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Mlango ulifunguliwa; likabaki swali la huduma apatayo mama akiisha kuingia.

Jibu moja lilipatikana mbali na Turkana, katika vituo 20 vya afya vya Migori, Kenya, na Busoga, Uganda, vilivyochunguzwa kati ya mwaka 2016 na 2018. Katika baadhi yavyo wahudumu walifanya mazoezi ya pamoja na kuipima kazi yao wenyewe: kuhesabu majuma, kutoa dawa kwa wakati, na kumweka mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, desturi iliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Pasipo mazoezi hayo, katika kila watoto 100 waliozaliwa mapema, wapatao 23 walikufa. Palipo mazoezi, wapatao 15.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huenda siku moja wewe utakuwa mkunga Lodwar au Kakuma. Kumbuka basi kwamba kazi ya kumwokoa mtoto huyo haianzi usiku wa uchungu. Huanza siku ile mama alipopimwa damu na kuhesabiwa majuma yake.