Nakshi za Ukutani: Somo kutoka kwa Wanawake wa Asir



Msimu wa harusi ukikaribia, kuna swali ambalo mabibi harusi hutuletea kila mara. Chumba kimepakwa rangi, kitanda kimetandikwa, mapazia yametundikwa, lakini ukuta wa mbele uko mtupu. Je, mtu ambaye hajawahi kushika brashi anaweza kuuchora mwenyewe? Wengine wanaogopa kuharibu. Wengine wanajiuliza kama dini inaruhusu. Maswali yote mawili yamekwisha kujibiwa zamani na wanawake Waislamu waliotutangulia, na leo tunataka tuwasimulie habari zao.

Tuanze nyumbani. Nyumba kongwe za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilipambwa ukutani kwa chokaa iliyochongwa nakshi. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Ukiingia mpaka ndani kabisa, pale pa mama wa nyumba, unakutana na safu za zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa ukutani na kuwekwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Katika familia zenye uwezo, baba alimpa binti yake sehemu ya nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Kwa hiyo ukuta ule mzuri ulikuwa wa bi harusi. Alioneshwa kwa wageni akiwa amekaa mbele ya mapambo ya kwao.

Lakini nakshi ile ilifanywa na mafundi. Neno lenyewe, nakshi, tumelitoa katika Kiarabu, naqsh, na huko Uarabuni wako wanawake ambao nakshi ya ukutani ilikuwa kazi ya mikono yao wenyewe. Hao ni wanawake wa Asir, mkoa wa milima ulioko kusini magharibi mwa Saudi Arabia, karibu na Yemen.

Sanaa yao inaitwa al-Qatt al-Asiri. Ukuta wa ndani, hasa wa chumba cha kupokelea wageni, hupakwa jasi nyeupe kwanza. Juu ya weupe huo huchorwa mistari, pembetatu, misumeno na vijani, mshipi mmoja juu ya mwingine, kwa rangi nyekundu, manjano, buluu, kijani na nyeusi. Zamani rangi zilitengenezwa kwa mawe ya kusaga, mimea na makaa, na brashi ilikuwa manyoya ya mbuzi. Baadaye zikaja rangi za dukani, nazo wakazitumia.

Cha kutufaa sisi zaidi ni namna walivyofanya kazi. Mwenye nyumba aliwaita ndugu na jamaa wa kike, wakubwa kwa wadogo. Aliye mjuzi alitangulia kuweka nukta na mistari ya kuongoza, kisha wengine wakajaza rangi. Msichana aliyekuwa hajui kitu alipewa pembetatu yake moja aijaze. Ukutani hapohapo akajifunza, bila darasa wala ada. Hivyo ndivyo ujuzi ulivyotoka kwa mama kwenda kwa binti.

Na dini je? Mnaijua habari ya Bi Aisha (R.A.), alipotundika pazia lenye picha na Mtume (S.A.W.) hakupendezwa nalo, naye akalikata na kulifanyia mito. Na mnajua kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimshauri mtu aliyekuwa akiishi kwa uchoraji kwamba, kama hana budi, achore miti na vitu visivyo na roho. Tazameni sasa nakshi za Asir: ni mistari, maumbo na majani. Walichora wasichokuwa na shaka nacho, na ndani ya mpaka huo wakapata uzuri usiokwisha.

Miongoni mwao alikuwapo Fatimah Abu Gahas, wa Rijal Almaa. Alijifunza kwa mama yake. Alipofiwa na mumewe, alilea watoto wake kwa kuchora kuta za watu. Wakati huo mambo yalikuwa yanabadilika. Fedha za mafuta ziliingia nchini, watu wakahamia nyumba za saruji, na kuta za zamani zikaachwa zibomoke. Sanaa ilikaribia kuondoka pamoja na vikongwe wake. Yeye aliendelea kuchora na kuwafundisha wanawake wadogo mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 2010. Miaka saba baadaye, mwaka 2017, UNESCO iliiingiza al-Qatt al-Asiri katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hayo yaliwezekana kwa sababu walikuwapo wanawake walioendelea kuitana ukutani.

Hapa ndipo tunapojiuliza wenyewe. Chokaa za Lamu zinamomonyoka, nasi tunanunua karatasi za ukutani zenye maua ambayo hakuna bibi yeyote wa kwetu aliyeyajua. Tukiacha hivi, binti zetu watarithi nini?

Basi, bi harusi, anza kidogo. Nasi tutakwambia kosa letu ili usilirudie. Tulimsaidia mdogo wetu kuchora chumba katika nyumba ya mawe ya zamani. Kwa haraka tukapaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu. Masika ya kwanza tu, rangi ikafura malengelenge na kubanduka. Ukuta wa chokaa unataka kupumua, kwa hiyo upake chokaa. Kama ni wa saruji, hakikisha umekauka, upige msasa, ufute vumbi, kisha paka rangi ya maji nyeupe na uiache ikauke vizuri.

Usichore ukuta mzima. Chagua mshipi mmoja, upana wa shubiri moja, juu ya kitanda. Pima kwa futi kamba, nyoosha mstari kwa uzi na pima maji, na weka nukta kwa penseli kila baada ya kipimo kilekile. Unganisha nukta ziwe pembetatu. Rangi tatu zinatosha. Jaza rangi nyepesi kwanza, nyeusi iwe ya mwisho. Ukikosea, subiri ikauke, upake nyeupe juu yake, uchore tena. Na kama umewahi kumchora mwenzio hina mkononi, mkono wako tayari unaijua kazi hii.

La muhimu kuliko yote, usichore peke yako. Mwite mama, shangazi, somo yako, na wale wadogo wanaochungulia mlangoni. Mpe kila mmoja pembetatu yake. Ukishaingia nyumba yako, kila asubuhi utafungua macho na kuona mikono ya wanaokupenda.

Allah azitie baraka nyumba zenu na ndoa zenu. Aamin.