Setilaiti Uhuru na Bahari ya Malindi: Nafasi ya Ikweta katika Historia ya Awali ya Anga za Juu

Historia ya setilaiti kwa kawaida huanzia tarehe 4 Oktoba 1957, Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik 1, tufe lenye uzito wa kilo 83.6. Marekani ilijibu kwa Explorer 1 tarehe 31 Januari 1958. Masimulizi hayo huihesabu safari ya anga za juu kuwa mashindano ya mataifa mawili makubwa, na Afrika haionekani ndani yake. Upungufu wake unadhihirika katika maji ya Kenya, kaskazini ya Malindi.

Huko, karibu na Ngomeni, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walisimamisha majukwaa ya chuma baharini: San Marco, lililorushia roketi, na Santa Rita, lililokuwa kituo cha kuongozea shughuli. Setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, ilikuwa imerushwa kutoka Wallops, Virginia, mwaka 1964. Ya pili ilirushwa kutoka Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu za kisayansi. Kwenye ikweta uso wa dunia huenda kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki huipata kasi hiyo bila kuchoma mafuta ya ziada. Aidha, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vipimo. Upande wa mashariki nao ni bahari tupu, ambamo vipande vya roketi huanguka bila kudhuru watu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco na kupewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Hadi ilipokoma kazi mwaka 1973, ilikuwa imewezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilichangia kuutambua mfumo wa Cygnus X-1 kuwa na shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Hata hivyo, jina na umiliki ni mambo mawili. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni, zote za Italia, Marekani au Uingereza. Nchi za Afrika Mashariki zilipopata setilaiti zao ndogo, njia iligeuka. Ile ya Kenya, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Roma, ilipaa kutoka Florida mwaka 2018. Ya Rwanda kutoka Japani mwaka 2019. Ya Uganda mwaka 2022 kutoka Wallops, pale pale ilipoanzia San Marco 1.

Ikweta, basi, iliipa sayansi ya anga za juu kile ambacho fedha haziwezi kukinunua. Nchi zinazopitiwa na mstari huo zina haki ya kuandikwa katika historia hiyo, na zina deni la kujiuliza kwa nini, baada ya nusu karne, wataalamu wao bado husafirisha kazi zao ng'ambo ili zipate kuruka.