Ngome Iliyobomolewa na Jumba Lililonusurika: Somo kutoka Kampala



Ukipanda kilima cha Old Kampala leo, macho yako yatavutwa kwanza na Msikiti wa Taifa, ambao wageni huzipanda ngazi za mnara wake ili kuutazama mji wote. Ni jengo la fahari, na Waislamu wa Uganda wana kila haki ya kujivunia. Hata hivyo, kilele hicho kilikuwa na jengo jingine kabla yake, na habari za jengo hilo zinatuhusu sisi majirani kuliko tunavyodhani.

Mwezi Desemba mwaka 1890, Kapteni Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipiga kambi juu ya kilima hicho, karibu na Mengo, yalikokuwa makao ya Kabaka Mwanga. Hapo akajenga ngome. Kabla mwezi haujaisha, Kabaka alikuwa ametia saini mkataba wa kuwa chini ya ulinzi wa kampuni hiyo. Jina la mji mkuu wa Uganda limetokana na kilima hichohicho, kilichojulikana kwa swala pala waliokuwa wakilisha hapo. Kwa hiyo ngome ile ilikuwa kitovu cha mji, na wakati huohuo alama ya nchi kupoteza uhuru wake.

Mwaka 1908 ngome hiyo ikapata kazi mpya. Serikali ya kikoloni iliweka humo vitu vilivyokusanywa kutoka pande mbalimbali za Uganda, na hayo ndiyo yakawa makumbusho ya kwanza ya nchi. Kwa kuwa miongoni mwa vitu hivyo vilikuwamo vya ibada na uganga, wenyeji waliyaita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za mizimu. Katika jina hilo mna hofu, na pengine mna dhihaka pia. Watu waliona vitu vyao vitakatifu vikiwekwa ndani ya ngome ya mtu aliyewatawala. Mwaka 1941 mkusanyo ulihamishiwa Makerere, na ngome ikabaki nyuma, ikizeeka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ujenzi wa msikiti, uliokuwa umeanza wakati wa Idi Amin na kukwama kwa miaka mingi, ulifufuliwa kwa msaada wa Libya. Ngome ya zamani ikabomolewa, na mfano wake ukajengwa mahali pengine kwenye kilima hicho. Mgeni akipelekwa kuuona huambiwa habari za Lugard, lakini kuta anazozigusa hazikuwapo wakati wa Lugard.

Najua utaniuliza, msomaji: kwa nini tulilie ngome ya mkoloni? Swali lako ni la haki. Aliyetawaliwa halazimiki kuyapenda makazi ya aliyemtawala. Lakini fikiri jambo moja. Mkataba wa mwaka 1890 hauwezi kubomolewa kwa tingatinga. Ulikwisha kufanya kazi yake. Kinachobomolewa ni ushahidi. Mwalimu aliyekuwa na uwezo wa kuwapeleka wanafunzi wake mahali penyewe na kuwaambia, “Hapa ndipo ilipoanza,” sasa hana budi kuwaambia, “Ilifanana na hii.” Tofauti ya kauli hizo mbili ndiyo hasara ninayoizungumzia. Wala sisemi kwamba msikiti haukustahili kujengwa. Nasema kwamba jengo lililokwisha kusahauliwa halina wa kuliombea mahali linapohitajika kupisha jingine.

Sasa tuufuate ule mkusanyo uliohama. Mwaka 1954 ulipata makao ya kudumu katika jumba jipya kwenye kilima cha Kitante, kando ya Barabara ya Kira. Msanifu wake alikuwa Ernst May, Mjerumani aliyesimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt katika miaka ya 1920, akaenda Urusi ya Kisovieti, kisha mwaka 1934 akakimbilia Tanganyika na kuwa mkulima kabla ya kufanya kazi ya usanifu jijini Nairobi. Katika enzi za msimamizi wake Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, makumbusho hayo yalisifika kwa ngoma, marimba na zeze zilizopigwa na wanamuziki wenyewe, badala ya kufungiwa tu ndani ya vioo. Baadaye ikaja misukosuko ya miaka ya 1970 na 1980, na jumba likadhoofika pamoja na nchi.

Mwaka 2011 serikali ilitangaza nia ya kulibomoa jumba hilo na kujenga mahali pake mnara wa biashara wa ghorofa 60. Kumbuka kwamba usiku wa tarehe 16 Machi mwaka uliotangulia, moto ulikuwa umeteketeza makaburi ya Makabaka huko Kasubi, mahali palipotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Jeraha lilikuwa bado bichi. Lakini safari hii watu hawakungoja majivu. Wanahistoria, wasanifu majengo na wananchi wa kawaida walipaza sauti, na mashirika ya kiraia yakaifikisha serikali mbele ya Mahakama Kuu. Mnara haukujengwa. Ukienda Kitante leo utalikuta jumba la mwaka 1954 limesimama, na watoto wa shule wakipanga foleni mlangoni.

Majengo hayo mawili yalihifadhi mkusanyo uleule kwa nyakati tofauti. Moja limetoweka, jingine lipo. Uzuri haukuliokoa la pili, wala umri, kwa maana lile la kwanza lilikuwa kongwe zaidi. Liliokolewa na watu waliokuwa bado wakilitumia na kulijua, nao walisema mapema, kabla tingatinga halijawashwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi raia tuongeze tahadhari: mara nyingine ufa huachwa kwa makusudi. Jengo la umma hunyimwa kwanza fedha za matengenezo. Paa likivuja, uchakavu wake hugeuka kuwa hoja dhidi yake, na hapo ndipo thamani ya kiwanja huanza kutajwa mikutanoni. Anayeamka siku ya kubomoa amechelewa. Mjadala ulikwisha siku paa lilipovuja na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo dogo juma hili. Tembea katika mji wako utazame jengo moja la zamani la umma: posta, stesheni ya reli, mahakama, kituo cha zimamoto ambacho rangi yake imekwisha kubambuka. Uliza ni mali ya nani. Uliza kama limeorodheshwa kuwa urithi wa taifa. Sheria zipo: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na Uganda, iliyotegemea sheria ya mwaka 1967 kwa zaidi ya nusu karne, ilipata sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu mwaka 2023. Lakini sheria haiwezi kulilinda jengo ambalo halikuandikwa popote, wala haiwezi kwenda mahakamani yenyewe. Mtu ndiye aendaye.

Si kila jengo kuukuu litabaki, wala halipaswi kubaki. Mji ni kiumbe hai, nao unahitaji hospitali, shule na nyumba za kuabudia. Ila uamuzi wa kubomoa mali ya umma uwe uamuzi wa umma: utangazwe mapema, ujadiliwe, na jengo lipimwe na kupigwa picha kabla halijaguswa. Watu wa Kampala walipoteza ngome yao bila kelele nyingi. Jumba la Kitante lilipofikiwa na zamu yake, walikuwa wamekwisha kujifunza. Sisi tunaweza kujifunza kwao bila kupoteza kwanza.