Mkaa wa Mifupa: Kutoka Viwanda vya Sukari hadi Maji ya Bonde la Ufa

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, hususan kandokando ya Mlima Meru nchini Tanzania na katika eneo la Nakuru nchini Kenya, maji ya visima na chemchemi hubeba floraidi nyingi itokayo katika miamba ya volkano, nayo ikizidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia na, kwa miaka mingi, hupindisha mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, ilhali Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo vingine, ililazimika mwaka 1974 kuruhusu kwa muda hadi miligramu 8. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi hubaki.

Kinga mojawapo ilianzia mbali. Mwaka 1785, Tobias Lowitz aligundua nchini Urusi kuwa mkaa wa kuni huondoa rangi katika vimiminika; mwaka 1811 Mfaransa Pierre Figuier akaonyesha kuwa mkaa wa mifupa huifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na punde viwanda vya sukari vya Ulaya vikaanza kuutumia. Kinachotendeka huitwa adsopsheni, yaani chembe zilizoyeyuka kunata juu ya uso wa kitu kigumu. Kwa floraidi, mfupa una sifa ya ziada, kwa sababu madini yake makuu, haidroksiapataiti, huipokea na kuishikilia. Mji wa Britton, Marekani, ulianza kusafisha maji yake kwa njia hiyo mwaka 1953. Baadaye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kikaiendeleza kwa vichujio vya nyumbani, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Jimbo Katoliki la Nakuru nalo likaingia katika kazi hiyo.

Mifupa hupatikana kwa bei nafuu machinjioni, lakini huhitaji tanuru lenye hewa kidogo na moto unaodhibitiwa: ikiungua nusunusu maji hunuka, na ikiungua kupita kiasi uwezo wake wa kunasa floraidi hupungua. Aidha, mkaa uliokwisha nguvu haubadilishi rangi wala ladha ya maji, hivyo familia inaweza kuendelea kunywa floraidi ikidhani imesalimika. Kwa hiyo halmashauri na jumuiya za watumiaji maji hazina budi kutenga fedha za kupima maji na kubadilisha mkaa kwa wakati, kwa maana kichujio kisichopimwa hakimlindi mtoto yeyote.