Visanduku 16: Historia ya Jedwali la Midundo kutoka Mashine ya Ngoma hadi Studio za Singeli

Utangulizi

Mtu anayefungua programu ya FL Studio kwa mara ya kwanza hukutana na safu za visanduku. Kila safu ni chombo kimoja: ngoma kubwa, makofi, matoazi, ngoma ndogo. Kila safu ina visanduku 16, na rangi yake hubadilika kila baada ya vinne. Akibonyeza kisanduku, kinawaka. Programu inapopiga, mwendo hupita kutoka kushoto kwenda kulia, chombo hulia pale palipowaka, kisha mzunguko hurudi mwanzo. Ndivyo biti inavyopangwa na vijana wengi wa leo, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Jedwali hili limezoeleka mno, hata huonekana kuwa ndilo umbo la asili la mdundo wenyewe.

Makala haya yanafuatilia jinsi jedwali hilo lilivyopatikana. Hoja yake ni kwamba kisanduku chenyewe si kitu kigeni kwa ngoma za Kiafrika. Yaliyokuja na mashine ni mambo mawili: kwanza, idadi ya 16 iliyogawanywa vinne vinne kuwa ndiyo inayomngoja mtumiaji kabla hajachagua chochote, pili, dhana kwamba kisanduku cha kwanza ndicho mwanzo wa mdundo kwa wapigaji wote. Mambo yote mawili yana historia, na yote mawili yamejibiwa na watu wa Afrika Mashariki kwa namna ambayo wabunifu wa mashine hizo hawakuitarajia.

Mashine zilizomchagulia mpigaji

Mashine za awali za midundo hazikumpa mtumiaji nafasi ya kupanga chochote. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ilitoa Side Man, kabati lenye sahani iliyozunguka na kugusa vituo vya umeme. Kila mguso ulitoa mlio. Kasi ya sahani ndiyo iliyokuwa kasi ya muziki. Mpiga ogani alichagua mtindo kwa jina, kama vile walzi au rumba, kisha akaufuata. Nchini Japani, mpiga akodiani Tadashi Osanai, aliyekuwa akiitumia Side Man katika maonyesho yake, aliona kwamba mashine bora zaidi ingeweza kutengenezwa. Alishirikiana na Tsutomu Katoh, na mwaka 1963 kampuni yao ya Keio, ambayo baadaye ilijulikana kama Korg, ikatoa Donca Matic. Ikutaro Kakehashi naye, kupitia kampuni ya Ace Tone, alitoa FR-1 mwaka 1967. Mashine hiyo ilimruhusu mpigaji kuchanganya mitindo miwili kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja, na kunyamazisha baadhi ya vyombo. Uhuru huo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa mwanzo.

Inafaa kutambua kwamba mashine hizi zilikuwa na walzi, yaani mdundo wa tatu. Hazikubagua hesabu yoyote. Kilichokosekana ni mkono wa mpigaji.

Mkono huo ulipewa nafasi mwaka 1972, kampuni ya Eko ya Italia ilipotengeneza ComputeRhythm, yenye safu sita za vitufe 16. Hapa ndipo jedwali linapoonekana wazi: kila safu chombo chake, kila kitufe wakati wake. Ni mashine chache sana zilizotengenezwa, na historia ingeweza kuisahau kabisa. Mwaka huohuo Kakehashi alianzisha kampuni ya Roland mjini Osaka. Mwaka 1978 Roland ilitoa CR-78, iliyoweza kuhifadhi ruwaza zilizobuniwa na mtumiaji, na mwaka 1980 ikafuata TR-808.

Mwaka 1980

TR-808 ilikuwa na vitufe 16 vilivyopangwa kwa mstari mmoja chini ya uso wake: vinne vyekundu, vinne vya rangi ya chungwa, vinne vya njano na vinne vyeupe. Idadi hiyo ilikubaliana na mambo mawili kwa pamoja. Katika muziki wa dansi wa Marekani na Ulaya, baa moja huwa na mapigo makuu manne, na kila moja likigawanywa mara nne hupatikana mapigo madogo 16. Kwa upande wa umeme, kihesabio cha tarakimu nne za mfumo wa mbili huhesabu nafasi 16 kamili kabla ya kurudi sifuri. Desturi ya muziki na desturi ya mafundi wa umeme zilikutana kwenye namba moja. Mashine hiyo ilikuwa pia na swichi ya kubadili mgawanyo, ambayo ilimwezesha mtumiaji kutumia hatua 12. Hata hivyo, swichi haikubadili kilichoonekana machoni. Vitufe vilibaki 16, na rangi zilibaki nne nne.

Mwaka huohuo Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, mashine ya kwanza ya ngoma kutumia sauti halisi zilizorekodiwa kidijitali. Ilikuwa na mambo mawili ambayo umuhimu wake katika historia hii unazidi hata ule wa sauti zake. La kwanza ni kusahihisha wakati: mpigaji aligonga vitufe kwa vidole, na mashine ikalisogeza kila pigo hadi kwenye kisanduku kilicho karibu. La pili ni kuchelewesha kila pigo dogo la pili kwa kiasi fulani, ili mdundo uyumbe badala ya kutembea kama askari wa gwaride. Kiasi hicho hupimwa kwa asilimia. Kwenye 50 mapigo hulingana. Kwenye takriban 66 pigo la kwanza huchukua theluthi mbili za nafasi na la pili theluthi moja, na huo tayari ni mgawanyo wa tatu. Kwa maneno mengine, namba tatu iliyokuwa haina kisanduku chake ilirudishwa kwa mlango wa uani, tena ikiitwa marekebisho. Miaka mingi baadaye prodyuza J Dilla wa Detroit alikwenda mbali zaidi: alisifika kwa kuyaacha mapigo yake bila kusahihishwa kwenye mashine ya MPC3000, iliyobuniwa na Linn huyohuyo kwa ajili ya kampuni ya Akai. Mashine aliyotumia leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani Weusi mjini Washington.

LM-1 iliuzwa kwa dola 4,995, na TR-808 kwa dola 1,195. Sauti za TR-808 hazikufanana na ngoma halisi, na Roland iliacha kuitengeneza mwaka 1983 baada ya kutoa takriban mashine 12,000. Bei ya mitumba ikaanguka. Ni kwa njia hiyo, zaidi kuliko kwa matangazo ya kampuni, mashine za Roland zilifika mikononi mwa vijana weusi wa New York, Chicago na Detroit waliojenga juu yake hip hop, house na tekno. Jedwali la visanduku 16 lilienea duniani likiwa limebebwa na muziki huo.

Jedwali linahamia kwenye kompyuta

Safari ya kuingia kwenye kompyuta haihitaji maelezo marefu. Mwaka 1983 kampuni zilizokuwa zikishindana zilikubaliana juu ya MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya kielektroniki, kwa juhudi za Kakehashi na Dave Smith wa Marekani. Mwaka 1987 Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta za Amiga, ambayo iliusimamisha wakati wima: muziki ulisomwa kutoka juu kwenda chini. Mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa Cubase.

Mwaka 1997 Didier Dambrin, mwandishi wa programu katika kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, alitengeneza FruityLoops. Toleo la kwanza halikuwa studio; lilikuwa mashine ya ngoma iliyochorwa kwenye kioo cha kompyuta, pamoja na visanduku vyake 16. Jina la FL Studio lilikuja mwaka 2003, wakati programu ilikwisha kukua. Lakini visanduku vilibaki. Kompyuta haina vitufe vya chuma wala kihesabio cha nafasi 16 kinachoilazimisha. Ingeweza kuchora visanduku 7, 12 au 50. Mtumiaji wa FL Studio anaweza hata leo kuubadilisha mgawanyo akitaka. Kilichokuwa kizuizi cha mashine kikageuka kuwa mazoea ya macho, na mazoea ni magumu kubadili kuliko chuma.

Visanduku vya darasani Los Angeles, wapigaji wa Buganda

Wakati mafundi wa umeme walipokuwa bado wakitengeneza mashine za rumba na walzi, visanduku vya aina nyingine vilikuwa vimeanza kuchorwa kwenye karatasi. Mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Philip Harland alibuni namna ya kuandika ngoma za Kiafrika kwa safu za visanduku vinavyolingana: pigo likiwapo, alama huwekwa, pasipo pigo, kisanduku huachwa wazi. Mbinu hiyo ilienezwa zaidi na James Koetting mwaka 1970. Ilibuniwa kwa sababu nota za Kizungu, pamoja na mistari yake ya baa, zilimlazimisha mwanafunzi kusikia mkazo mahali ambapo mpigaji wa ngoma hakuuweka. Kisanduku kitupu hakidai mkazo wowote. Mtu akiiweka karatasi hiyo kando ya FL Studio, atashangaa kwa mfanano wake. Tofauti ni kwamba karatasi ya Harland ilirefushwa kulingana na ngoma, ilhali ngoma hufika kwenye programu na kukuta jedwali limekwisha kupimwa.

Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika tangu mwaka 1959, ameonyesha kwamba mizunguko ya mapigo madogo 8, 12, 16 na 24 ni ya kawaida katika muziki wa bara hili. Kwa hiyo 16 peke yake si ya wageni. Lakini chakacha ya pwani ya Kenya, kwa mfano, hutembea kwa mgawanyo wa tatu, na anayeipanga bila kugusa mipangilio atalazimika ama kuivunja au kuiyumbisha kwa asilimia za Linn.

Suala la kisanduku cha kwanza ni zito zaidi. Katika amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12, wapigaji wawili huketi wakitazamana. Omunazi huanza, omwawuzi huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, moja kwa moja. Kila mmoja huyahisi mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo yanayoangukia mahali pake, na ya mwenzake kuwa yanaangukia katikati. Wimbo wanaousikia wasikilizaji haupigwi na yeyote kati yao. Huzaliwa na mchanganyiko. Kuyaandika hayo kwenye FL Studio ni rahisi: safu moja kwenye visanduku vya namba witiri, nyingine kwenye vya namba shufwa. Lakini hapo omunazi ameshapewa rangi na mwanzo, na omwawuzi amefanywa mtu wa pili kwa kudumu.

Mburahati

Jibu lililosikika mbali zaidi kutoka Afrika Mashariki halikuanzia kwa watafiti. Katika miaka ya 1990 vikundi vya mchiriku vya uswahilini, Dar es Salaam, vilichukua vinanda vidogo vya Casio vilivyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani na kuvipitisha kwenye vipaza sauti hadi sauti ikakwaruza, huku ngoma zikipigwa kwa mkono. Hivi ni vinanda vya ukoo uleule wa Side Man: vilikuja na midundo iliyokwisha kupangwa kiwandani. Katika miaka ya 2000 sherehe za mitaani zilianza kutawaliwa na namna nyingine. Kipande kifupi cha taarabu, aghalabu sehemu isiyo na uimbaji, kilikatwa, kikarudiwarudiwa na kuongezwa kasi, na mghanaji akaghani juu yake. Hiyo ndiyo singeli. Kutoka studio za kompyuta kama Sisso ya Mburahati, kasi yake ilifika kati ya mapigo makuu 200 na 300 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio hiyo katika albamu ya Sounds of Sisso.

Maelezo mengi juu ya singeli huishia kwenye mshangao wa kasi, kana kwamba kasi ni mbwembwe tu. Hesabu inaonyesha jambo jingine. Kwa kasi ya 120, baa moja ya visanduku 16 huchukua sekunde 2, na kila kisanduku sekunde 0.125, sikio linaweza kukihesabu. Kwa kasi ya 300, baa nzima huchukua sekunde 0.8, na kila kisanduku sekunde 0.05. Mpaka wa baa, ambao kwenye muziki wa dansi ni nguzo ya kuegemea, hapa hupita kabla mtu hajamaliza neno. Prodyuza hakuongeza wala kupunguza kisanduku hata kimoja. Aliliharakisha jedwali hadi likaacha kuwa kipimo cha wimbo na kuwa mkondo wa mapigo madogo, karibu na hali lililokuwa nayo kwenye karatasi ya Harland. Urefu wa kishazi sasa huamuliwa na pumzi ya mghanaji na kipande cha taarabu kinachorudi.

Mchezaji naye ana uchaguzi ambao kasi ya 120 haimpi. Akikanyaga kila baada ya visanduku 16, hatua zake ni 75 kwa dakika, mwendo wa mtu asiye na haraka. Akikanyaga kila baada ya vinane, ni 150. Na akikanyaga kila baada ya visanduku 12, hatua zake ni 100 kwa dakika, nazo huvuka mipaka ya baa na kukutana tena na kisanduku cha kwanza baada ya baa tatu, yaani sekunde 2.4.